Maswali yenu ya kayaki Mida: kwanza uliza maji, bei baadaye

Tangu niandike kwamba tulienda Watamu watu saba tukapiga kayaki ndani ya Mida Creek, maswali hayajakatika, kwa hivo leo najibu yale yanayorudi rudi. Kwa wasiopajua, Mida ni mkono wa bahari unaoingia bara pale Watamu, kaunti ya Kilifi, umezungukwa na mikoko pande zote na uko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa 1968. Halafu humu nitasema muongozaji, muongozaji mpaka mchoke, maana lile neno la Kizungu ukiliandika vile linavyotamkwa linatoka gaidi, na sitaki mtu amuage mamake ati anaenda kwenye mikoko na gaidi.

Tuko sita tunatoka Nairobi. Muuza safari mmoja ametupa nafasi ya saa nne asubuhi, mwingine ya saa kumi jioni, bei ni ile ile. Tuchukue ipi?

Tarehe ngapi? Hilo ndilo la kujibu kwanza, na ukimuuliza anayekuuzia safari akakwambia "saa yoyote ni sawa" basi mshukuru utafute mwingine. Mida si ziwa. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, karibu masaa sita kila upande, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu na siku mbili tatu baada yake, maji hujaa alfajiri na tena jioni kwenye saa kumi, saa kumi na moja, halafu saa nne saa tano asubuhi yako chini kabisa, pale palipokuwa na bahari unaona tope na kaa wanatembea. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, inageuka, yanajaa kati ya asubuhi na adhuhuri ila hayajai sana wala hayapwi sana.

Sasa sikia yetu. Rafiki yetu ambaye ndiye mpangaji wa kila kitu alitushikia saa tatu asubuhi kwa sababu "jua halijawa kali", na ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Aliyepokea pesa hakusema neno. Tukaingia, dakika ishirini za kwanza raha tupu maana maji yanatoka na yanatubeba, tunajiona mabingwa, kumbe tunabebwa tu, kugeuka kurudi ndio tukajua, unapiga kafi unapiga kafi ukitazama mkoko wa pembeni ni ule ule. Mwishowe kina kikaisha kabisa tukashuka, tope hadi magotini, kila mtu anavuta kayaki yake kama ng'ombe wa mnadani. Muongozaji mwenyewe, kijana wa hapo hapo, alikuwa amejua tangu asubuhi lakini yeye anatumwa tu, angesema nini.

Nilirudi baada ya miezi mitatu na watu wengine, safari hii nikahesabu mwezi mwenyewe. Tuliingia kama masaa mawili kabla maji hayajajaa, yakatusukuma ndani polepole mpaka kwenye vijia vya mikoko ambavyo maji yakipwa huwezi kupita, yakasimama kidogo, na yalipoanza kutoka yakaturudisha. Mikono haikuuma hata. Kwa hivo Wanairobi, tazama kalenda ya mwezi kwanza: kama ni bamvua chukueni ile ya jioni, kama ni maji mafu ile ya saa nne itawafaa.

Sijui kuogelea. Nisiende?

Nenda. Kwenye kundi letu wanne kati ya saba hawajui na mmoja wao amezaliwa Likoni, msimcheke. Lakini laifujaketi si pambo la picha, ivae, funga vifungo vyote, halafu mwambie mwenzio aishike mabegani aivute juu: ikipanda hadi masikioni ni kubwa, omba ndogo, usione haya. Na mwambie muongozaji mapema, kabla hamjaondoka, kwamba huogelei, si mpaka mfike katikati ndio uanze kulia. Wengi wanaficha sijui kwa nini. Omba pia akuonyeshe karibu na ufuo namna ya kurudi juu ya kayaki ukianguka, anguka makusudi mara moja pale maji ya kiuno, ukishaanguka mara moja ile hofu inapungua sana. Zile kayaki za kukaa juu yake, zisizo na shimo la kuingiza miguu, ndizo rahisi kwa mgeni, zikipinduka hazikufungi ndani.

Muongozaji mmoja kwa kayaki tano sita mimi naona inatosha, zaidi ya hapo waje wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma ya yule anayechelewa. Na anayechelewa yupo kila kundi.

Nina kilo 118, itanibeba ama nitaaibika?

Itakubeba, ila uliza kayaki yenyewe inabeba kilo ngapi, usitosheke na maneno ya kampuni. Nyingi za mtu mmoja hubeba kati ya kilo 110 na 150, kwa hivo ile ndogo itakaa chini sana na maji yatakuwa mapajani njia nzima. Mwambie uzito wako kwa simu unapobuku, akupangie kubwa. Wanaona watu wa kila aina hao, hawashtuki.

Mimi na rafiki yangu wa tangu shule tumewekwa kwenye kayaki moja ya watu wawili. Kuna siri?

Siri ni kwamba wa mbele ndiye anayeweka mwendo na wa nyuma ndiye anayeongoza, kwa hivo mzito au mwenye nguvu akae nyuma, na wa nyuma amfuate wa mbele, kafi zote ziingie pamoja kulia, pamoja kushoto. Mkipishana mnagongana makafi na hapo ndipo maneno yanaanzia. Mimi niliwekwa na mtu ambaye sisi hatujawahi kukosana miaka kumi na moja, tukakosana kabla ya kufika kona ya kwanza, yeye mbele anapiga picha mimi nyuma napiga kafi kwa watu wawili, nikamuuliza kwani wewe ni abiria? Akanyamaza mpaka mwisho. Tulipatana kwenye chakula.

Na msikamue kafi kama mnafinya nazi, lengelenge litatoka hapa kati ya kidole gumba na cha shahada. Shika kilegevu, zungusha mwili mabega yafanye kazi.

Navaa hijabu, na kundi ni mchanganyiko. Nivae nini nisipate tabu?

Dada, buibui acha hotelini, si kwa sababu ya mtu bali kwa sababu ya maji, likilowa ni mzigo na linaingia miguuni ukitaka kupanda tena. Suti ya kuogelea ya kujisitiri ni nzuri kama unayo, kama huna vaa suruali laini isiyo jinzi, juu fulana pana ya mikono mirefu inayofika mapajani, na mtandio mdogo wa kuvuta kichwani usio na pini. Laifujaketi inakuja juu ya yote hayo. Tena wewe ndiye utakayecheka mwisho, maana sisi tuliovaa kaptula tuliungua juu ya mapaja, pale hakuna anayekumbuka kupaka losheni, nililala chali siku mbili. Beba leso ya kujifunika ukitoka.

Viatu ni kwa wote: si ndara. Tope linavua ndara na kubaki nazo. Raba kuukuu, ama sandali za kufunga nyuma, kwa sababu chaza wameshika kwenye mizizi ya mikoko na wanakata kama wembe. Na ukitembea majini buruta miguu, usiinue, taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hupenda kulala mchangani na akisikia mburuto ataondoka mwenyewe.

Mkojo je?

Kabla ya kuingia. Ni masaa mawili au zaidi, usinywe chai ya rangi vikombe vitatu.

Kuna cha kuona kweli ama ni miti tu?

Ni miti, lakini hebu tulia uitazame. Muulize muongozaji akutenganishie: mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi kama mtu aliyepanda ngazi, na mbegu yake inaota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia kijani kama kalamu mpaka idondoke topeni. Mchu mizizi yake inachomoza juu ya tope vijiti vijiti, ndiyo inayopumulia. Boriti za nyumba zetu za zamani Lamu na Mombasa zilitoka kwenye miti hii, na majahazi yalizipeleka mpaka Ghuba. Muongozaji wetu aliijua yote na kila mmoja ulitumika kwa nini, na hapo ndipo unapoona tofauti ya kwenda na mtu wa pale na kujikodishia kayaki peke yako.

Ndege, njoo kati ya Septemba na Aprili, ndio wale wa kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi wanakuwepo, makundi kwa makundi kwenye tope. Kuna mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, chakula chake kaa, watu wanasafiri kutoka nchi za mbali kumwona huyo tu. Upepo wa kusi mwezi wa sita hadi wa nane unasumbua, hasa karibu na mlango wa bahari, na Aprili na Mei ni mvua. Machi na Novemba, maleleji, bahari imelala.

Tukimaliza tulikwenda Dabaso, kuna mkahawa wa kikundi cha wenyeji umejengwa juu ya nguzo kwenye mikoko. Sambusa za kaa. Sitaongeza neno.

Pesa tunalipaje, na tubebe nini?

Uliza kama bei ina kiingilio cha hifadhi ndani yake ama ni mbali, kwa sababu kile hulipwa kwa mtandao wa serikali na si pesa mkononi, msije mkasimama juani mnatafuta intaneti. Depoziti itumwe kwa M-Pesa na muandikiwe kabisa, hata kwa wasap, kwamba mvua au upepo ukiharibu siku inarudi ama mnapangiwa nyingine. Chupa za maji za plastiki acheni, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa ndani ya hifadhi, beba ya chuma. Simu kwenye kifuko cha kuzuia maji, na kifuko kifungwe kwenye kayaki, si shingoni kwako. Muongozaji mwachieni chai yake mkononi.

Na mchango kusanyeni wote kabla ya kuondoka nyumbani. Kuna wetu mmoja aliandika kwenye grupu "natuma kesho", hiyo kesho sasa ina miezi minane, na ndiye aliyekuwa mbele yangu anapiga picha.