Besi Ilipotelea Njiani

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini dubstep, muziki wa dansi wenye besi nzito kutoka kusini mwa London, ilipoingia kwenye pop ilibaki kelele tu, na kama huo ni wizi. Wizi upo, nitaufikia. Anza na spika.

Vijana waliokutana kwenye duka la santuri la Big Apple, Croydon, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walitengeneza muziki wa ukumbi wenye giza. Mwendo ni mapigo kama 140 kwa dakika, ila snea, ngoma ile ya mlio mkali, hulia kwenye pigo la tatu tu kati ya kila manne, hivyo mwili huhisi 70. Uwazi unaobaki ni makao ya besi, Hz (mitetemo kwa sekunde) 40 hadi 60, unayoipokea kifuani kuliko masikioni. Spika ya simu haifiki huko. Prodyuza wa pop basi huipandisha hadi mamia ya Hz, huikwaruza ili isikike popote, na ule uwazi huujaza sauti ya mwimbaji. Uzito umekuwa mngurumo. Katika wimbo mmoja wa Britney Spears wa 2011, dubstep ni kipande cha katikati tu, kama kiungo cha kunyunyizia.

Utangulizi wa wimbo nao hukatwa. Baa 32, yaani mafungu 32 ya mapigo manne, kwa mwendo huo wa 140 ni sekunde 55 hivi, nafasi ya DJ kuunganisha nyimbo mbili. Spotify huhesabu msikilizo baada ya sekunde 30, nani atasubiri? Hapo simlaumu mtu, ingawa wimbo usiomhitaji DJ hauuhitaji ukumbi wake wala watu wake.

Sasa wizi. Hakimiliki kwa kawaida hulinda melodia, maneno na rekodi. Hailindi mwendo wala mtindo. Ukichukua sekunde mbili za rekodi unaweza kudaiwa malipo, ukichukua mtindo mzima hudaiwi. (Usiwafanye wale wa mwanzo malaika: nao walichota kwenye dub ya Jamaika, ile reggae ya besi nzito na mwangwi.)

Jaribu mwenyewe. Chukua wimbo wa dubstep wa zamani na wa pop uliokopa dubstep, weka kichujio kwenye programu ya sauti ukate kila kilicho juu ya Hz 80, usikilize kwa sabufa. Sawazisha sauti kwanza, maana chenye sauti kubwa huonekana bora. Kwenye wa zamani utaweza kuufuata mkondo wa besi mpaka mwisho. Kwenye wa pop, mara nyingi utabaki na kiki, dundo la ngoma kubwa, peke yake.

Baba yako