Jibu: Mwanafunzi wangu anamaliza hesabu kabla ya wenzake, nimwongezee maswali?

Hapana, mwalimu, usimwongezee maswali yaleyale. Akishagundua kwamba kumaliza mapema kunamletea kazi zaidi, ataanza kujikokota makusudi, nawe utadhani uwezo wake umeshuka.

Kabla hujaanza mada, tuseme ya sehemu (kama 1/2 na 3/4), mpe jaribio la mwisho wa mada hiyo, maswali 10 hadi 15 yanayogusa kila lengo. Sahihisha lengo kwa lengo, usitazame jumla tu: anaweza kupata asilimia 85 na bado asijue kugawanya sehemu kwa sehemu. Aliyoyamudu ayaruke, hilo moja alisome na wenzake.

Muda uliookolewa ni wa kazi ya kina. Mfano: "Kwa nini 3/4 ÷ 1/2 inazidi 1? Onyesha kwa mchoro, kisha tafuta njia isiyogeuza sehemu ya pili." Kaa naye walau dakika 5 kila kipindi. Wengi huteleza hapa, humwacha peke yake kwa kuwa "anajiweza". Wala usimgeuze mwalimu msaidizi wa kila siku. Naye amekuja kujifunza.

Alama zake zitokane na jaribio lile la mwanzo. Kazi ya kina mpe maoni tu, la sivyo ataogopa kujaribu magumu.