Ng'ombe wako wa maziwa naye ataishia machinjioni

Unapoanza ufugaji unawaza lita tu. Nami niliwaza hivyo mpaka chotara wangu wa Friesian alipohimilishwa mara nne bila kushika mimba, kisha akaugua kiwele. Nikamchoma OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria) ya asilimia 20. Wiki iliyofuata mnunuzi akaja, fedha mkononi. Nilipokwenda kuomba kibali cha kumsafirisha, ambacho kwetu Tanzania kinatokana na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, afisa mifugo akaniuliza: "Kachomwa dawa lini?" Nikaitoa chupa. Lebo inasema: nyama, siku 28, yaani asichinjwe kwa kuliwa kabla siku hizo hazijapita tangu sindano ya mwisho. Mnunuzi akaondoka, nami nikaendelea kumlisha ng'ombe asiyetoa kitu.

Uchungu wake naukumbuka, lakini afisa yule alikuwa sahihi. Wengi wetu tunahesabu siku za kumwaga maziwa tu. Za nyama ni nyingine, na mara nyingi ni ndefu zaidi. Mlaji hawezi kujiokoa kwa kuchemsha, maana moto hauondoi dawa yote. Andika kwenye daftari jina la dawa, kipimo, tarehe ya sindano ya mwisho na siku zilizo kwenye lebo. Na sindano za msuli zichomwe shingoni. Jipu likitunga pajani, nyama nzuri inakatwa na kutupwa.

Muuze angali anatembea. Machinjioni anakaguliwa akiwa hai, na asiyeweza kusimama huzuiwa. Akishachinjwa, mkaguzi anapasua tezi, mapafu, moyo na ini. Ini lenye minyoo hutupwa. Kifua kikuu kikiwa kimeenea mwilini, mzoga wote unakwenda. Mnunuzi anajua hasara hiyo ni yake, ndiyo maana anakukata bei mapema. Ukimwonyesha daftari la matibabu na majibu ya vipimo, mazungumzo yanabadilika. Mimi sasa humtoa ng'ombe mapema, akiwa bado na mwili, kuliko kumkamua hadi mifupa ionekane.

Akivunjika mguu, mpigie afisa mifugo kabla ya kushika kisu, ili amkague angali hai. Lakini ukimkuta amekufa ghafla, damu inatoka puani au mkunduni na haigandi, usimchune, usimpasue, wala usimgawie jirani hata kipande. Huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua wanyama na kuambukiza watu pia. Wazuie watoto na mbwa, na umwite mtaalamu papo hapo.