Mwalimu, msiunde kifaa cha kuvuruga redio

Habari za kazi, mwalimu. Nimekuelewa: klabu yako ya sayansi inataka kuonyesha vita vya mawimbi ya redio kati ya Wajerumani na Waingereza vya mwaka 1940, na vijana wameomba waunde kifaa cha kuvuruga redio. Hicho kiacheni kabisa. Kuvuruga mawasiliano ni kosa kisheria, na huwezi kujua unamkatia nani. Wakisisitiza kurusha mawimbi yoyote, fika kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

Mimi huwa nawafundisha kwa sauti. Wajerumani waliongoza ndege za mabomu usiku kwa miale miwili ya redio, mfumo ulioitwa Knickebein: upande mmoja nukta (milio mifupi), upande wa pili mistari (milio mirefu), na katikati rubani husikia mlio mmoja usiokatika. Simamisha wanafunzi wawili kwenye pembe za darasa, mmoja aite "e" fupi, mwenzake ajaze nafasi kwa "eee" ndefu. Wa tatu afumbe macho atafute njia ya katikati. Halafu mwingine aongeze "e" zake, uone anavyopotea! Ndivyo Waingereza walivyofanya, baada ya mwanasayansi wao R. V. Jones, kijana wa miaka 28, kumshawishi waziri mkuu Churchill Juni 1940 kwamba miale hiyo ipo.

Muda ukibaki, wakate vipande vya foili vya sentimita 27, karibu nusu ya urefu wa wimbi la rada ya Wajerumani iitwayo Würzburg. Waingereza walimwaga vya namna hiyo angani Hamburg, Julai 1943, ili kuvuruga rada hizo.