Mwanangu ana selimundu, nikubali aingie kwenye utafiti wa dawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Mbagala. Mwanangu Nasri ana miaka 9, ana selimundu na anatumia haidroksiyurea. Kliniki wameniuliza kama ningependa aingie kwenye utafiti wa dawa mpya. Jirani anasema watamjaribia kama panya. Nitajuaje kama utafiti ni wa kweli? Nikikataa, atafukuzwa kliniki? (Mama Nasri)

JIBU: Marahaba, Mama Nasri. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowanyima wazazi usingizi. Hapana, hafukuzwi. Ukikataa, anaendelea na matibabu yake kama kawaida. Hata ukikubali leo kisha ukaghairi baadaye, una haki ya kumtoa. Waambie tu kwanza, wakuelekeze namna salama ya kuacha dawa.

Kuhusu ukweli wake: jaribio la dawa kwa watu hapa nchini linahitaji kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Omba kuviona. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, yenye namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Mwenye simu ya intaneti hapo nyumbani anaweza pia kuutafuta bure kwenye PACTR, rejista ya Afrika ya majaribio ya tiba. Na anayekudai pesa ili mtoto aingie, mkimbie.

Hofu ya jirani naielewa, ila watoto wetu wameshapita njia hii. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilijaribiwa pia Bagamoyo na Korogwe. Watoto wa kundi la kulinganisha, yaani wasiopewa chanjo iliyokuwa ikijaribiwa, hawakuachwa mikono mitupu. Wale wakubwa kidogo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Hapo ndipo ningekaza mimi kama ningekuwa wewe. Makundi hupangwa kwa bahati nasibu, na mara nyingi hata daktari anayemwona mtoto hajui nani kapata nini. Kwa hiyo uliza: haidroksiyurea yake itaendelea, au itasimamishwa? Haidroksiyurea ni dawa tunayojua inapunguza vipindi vya maumivu. Kama dawa mpya, au kidonge kisicho na dawa, kinaongezwa juu yake, hilo ni jambo moja. Kama anaachishwa, nataka wakueleze kwa nini, na kwa muda gani. Wasipokuwa na jibu linaloeleweka, usisaini.

Uliza pia utafiti uko awamu ya ngapi (ya kwanza huangalia zaidi usalama), damu itatolewa mara ngapi, nani anagharamia akipata madhara, kama nauli ya Mbagala inarudishwa, na kama dawa ikifaa ataendelea kuipata utafiti ukiisha.

Usisaini siku hiyohiyo. Chukua fomu, isomeni nyumbani na baba yake. Na Nasri mwenyewe aelezwe: miaka 9 anatosha kuelewa sindano ni nini. Akisema hataki, msimlazimishe.