Maswali na Majibu: Makanisa Kushauriana Kuhusu Ushoga na Daraja la Uchungaji

Kwa nini Askofu Mkuu wa Canterbury hawafukuzi Waanglikana wa Marekani? (Msomaji, Mbagala)

Hana mamlaka hayo, na wanaolirudia swali hili kila mara wangeliacha iwapo wangefungua katiba ya jimbo lao. Kila jimbo, yaani kanisa la nchi au eneo, hujiongoza kwa sinodi yake; yeye hualika tu, au huacha kualika, kama alivyoachwa Askofu Gene Robinson wa Marekani katika Mkutano wa Lambeth, ule wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, wa 2008.

Nasikia jambo hili liliwahi kujadiliwa hapa Dar es Salaam. Liliishaje? (Msomaji, Kimara)

Halikuisha. Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana walikutana jijini hapa, miaka mitatu na ushei baada ya Robinson, aliyekuwa akiishi waziwazi na mwenzi wa kiume, kuwekwa wakfu kuwa askofu wa New Hampshire. Jumapili walivuka kwenda Unguja kusali Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Hata hivyo, katika mkutano huo saba kati yao walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja na kiongozi wa Kanisa la Marekani. Tamko lao liliwapa maaskofu wa Marekani hadi Septemba 30 kuahidi kwamba hawatamkubali askofu mwingine wa namna hiyo. Waliahidi kujizuia, lakini Mei 2010 Mary Glasspool, anayeishi na mwenzi wa kike, akawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Los Angeles.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa la pande zote mbili. Wamarekani walimweka mtu wakfu kwanza, wakaja kueleza baadaye. Nao maaskofu wetu wa Tanzania walikwishatangaza Desemba 2006 kwamba ushirika wao na wanaounga mkono jambo hilo umeharibika. Kila upande ulifika ukiwa umeshaamua.

Walutheri hawana tatizo hili, sivyo? (Msomaji, Tegeta)

Wanalo. Mwaka 2009 Walutheri wa Marekani waliruhusu uchungaji kwa walio katika mahusiano ya kudumu ya jinsia moja, na Kanisa la Sweden likakubali kufungisha ndoa zao. KKKT, kanisa la Kilutheri la hapa Tanzania, ilijibu kwa Tamko la Dodoma la 2010, lililopinga ndoa hizo. Je, usharika wako umewahi kusomewa tamko hilo?

Papa ameruhusu ndoa hizo? (Wengi mno)

Hapana, waraka wa Desemba 2023 unahusu baraka, si ndoa wala daraja.

Mimi ni mjumbe wa sinodi. Lambeth 1998 ilishaamua, tuzungumze nini tena? (Msomaji, Kinondoni)

Umesoma nusu, ndugu. Azimio lililopita kwa kura 526 dhidi ya 70 linasema tendo la ushoga halipatani na Maandiko, wala halishauri kuwapa daraja walio katika mahusiano hayo. Lakini linawafunga pia maaskofu kuwasikiliza watu hao na linalaani kuwaogopa bila sababu. Wanaonong'ona kuhusu jirani zao kila uchaguzi wa wazee wa kanisa unapokaribia, ili kumwangusha mgombea, wasijifiche nyuma ya azimio hilo. Kabla ya kikao, mwombe katibu wa dayosisi azimio zima, si ile aya inayozunguka kwenye simu.