Maswali ya wasomaji: ile riwaya ya binti wa rehani

Ujumbe mwingi uliofika safari hii unahusu kitabu kimoja: ile riwaya ya mapenzi ya enzi za misafara, ya binti wa Kigogo (kabila la Dodoma) wa miaka 20 anayewekwa rehani mwaka wa njaa kwa kiongozi wa msafara kutoka Bagamoyo, miaka ya 1870. Wapo wanaotaka ichomwe, wapo walioimaliza usiku mmoja na kuiazimisha asubuhi. Kwa ambao hawajaisoma: ina sehemu tatu za faragha zilizoandikwa waziwazi. Katika ya kwanza binti hakuulizwa. Katika ya pili na ya tatu anataka mwenyewe.

Shikamoo. Kitabu hiki ni matusi matupu na kinaharibu vijana. Kwa nini hamkikemei? Mzazi, Makole.

Marahaba mama. Kueleza watu wazima wawili wanaopendana, hata wakiwa kitandani, si matusi. Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na hoja zilikuwa hizihizi unazozitoa. Anayeisoma leo anakuta kitabu kinachouliza maswali mazito kuhusu baba mlevi, kipigo na malezi ya binti. Kama marufuku ile ingedumu, tungepoteza maswali hayo pia.

Kuna jambo la kukemea katika riwaya hii, lakini si hilo lako. Nimelijibu chini, kwa wasomaji wa mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma.

Naomba PDF. Wasomaji wengi mno.

Hapana, na tafadhali msirudie. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kupiga picha kurasa zote na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp ni kunakili kitabu, hata kama hukumtoza mtu senti. Mkipungukiwa, changeni watu watano mnunue nakala moja mpokezane. Au nendeni maktaba ya mkoa mkaulize, na kama hawana, acheni ombi kwa maandishi ili kiagizwe. Wanaolalamika kwamba waandishi wa Kiswahili wameacha kuandika waanze kwa kulipia kitabu.

Mimi ni mwalimu wa historia. Naona mambo hayakai sawa mle ndani lakini wenzangu wanasema ni hadithi tu. Wewe unaonaje? Mwalimu, Mpwapwa.

Unaona sawasawa. Riwaya ikishajiita ya kihistoria imeahidi kutupeleka mahali na wakati fulani. Hii imetupeleka kwenye jukwaa lililopakwa rangi.

Anza na dirisha. Mpenzi anaingia usiku kwa dirisha. Tembe la Kigogo la wakati ule ni jengo refu lenye kimo kifupi, kuta za miti na udongo, paa bapa la miti lililosiribwa udongo, vyumba vikizunguka uwanja wa ng'ombe. Ndani ni giza, na mlangoni mtu anainama. Anayetaka kumfikia binti apite langoni, avuke mifugo bila kuishtua, apite penye watu waliolala. Hofu yote ambayo mwandishi wa mapenzi anaitafuta ilikuwa pale bure, naye akaiuza kwa dirisha.

Kisha nguo. Khanga yenye maneno haikuwapo. Khanga zilizuka pwani mwishoni mwa karne ya 19 na maandishi yakafuata baadaye. Miaka ya 1870 Ugogo kulikuwa na ngozi, kaniki (kitambaa cheusi), na merikani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) iliyopimwa kwa shuka ya yadi 2 na doti ya yadi 4. Kwa hiyo vile vifungo vinavyofunguliwa kimojakimoja kwa nusu ukurasa havina gauni la kukaa. Nguo ilikuwa fundo begani, na fundo moja likifunguliwa polepole linatosha kabisa. Hata harufu imekosewa: binti ananukia waridi tangu ukurasa wa kwanza. Angenukia samli, moshi na udongo mwekundu wa kujipaka, na kama waridi lingekuwapo basi lingetoka kwenye mizigo ya msafara, jambo ambalo lingekuwa na uzito wake katika kisa.

Mvua kubwa ya Agosti? Huku mvua ina msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Agosti ni upepo, vumbi na baridi ya alfajiri. Mji wa Dodoma wenye soko haukuwapo. Ulikuja kukua pamoja na reli, iliyofika mwaka 1910. Na mpagazi hakubeba kilo mia, alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo, akatembea nazo juani.

Linalouma zaidi ni hongo, yaani ushuru wa kupita, si rushwa ya leo. Mwandishi ameipa sentensi moja, kisha akamfanya kiongozi wa msafara augue ghafla ili msafara usimame na mapenzi yapate nafasi. Hakuhitaji ugonjwa. Watemi wa Kigogo walidai nguo, shanga na nyaya kabla ya kuruhusu watu kupita na kuchota maji, na majadiliano yaliweza kuuzuia msafara siku kadhaa. Waliotoka Mpwapwa walikuwa wamevuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa, na mbele yao upande wa magharibi kulikuwa na pori la Mgunda Mkali. Hawakuwa na pa kukimbilia. Siku hizo za kungoja, maji yakiwa mikononi mwa baba na wajomba wa binti, ndizo riwaya yenyewe. Hazikuandikwa.

Mwisho wanaoana? Nataka kujua kabla sijanunua. Kondoa.

Soma kitabu.

Enzi zile mwanamume kumchukua mwanamke ilikuwa kawaida, na hatimaye walipendana. Kosa liko wapi? Wasomaji watatu, Kikuyu.

Kila riwaya ya aina hii ikitoka, swali hili hurudi kwa maneno yaleyale, na hurudi kwa sababu wengi hupita sehemu ya kwanza haraka wafike ya pili. Irudieni. Chukueni penseli, mpigie mstari kila kitenzi katika kurasa zile nne. Yeye: alimshika, alimvuta, alimlaza. Binti: alinyamaza, alitetemeka, alifumba macho. Halafu aya inayofuata inatuambia moyo wake ulijaa penzi. Penzi hilo limetoka wapi? Hakuna sentensi hata moja iliyotuvusha kutoka woga hadi penzi. Mwandishi amelitangaza tu.

Mnasema ilikuwa kawaida. Ukatili ulikuwapo, na riwaya ina haki ya kuuonyesha, mradi iuonyeshe kama ukatili na imwache binti aubebe kwa jina lake. Ikiupamba kwa ubani na mbalamwezi, inamfundisha kijana anayeisoma kwamba ukimya ni kukubali na kwamba akilazimisha leo atapendwa kesho. Kwa sheria zetu, ikiwemo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, tendo lile ni ubakaji. Liitwe hivyo.

Na hiyo historia mnayoitaja haimtetei mwandishi. Mtu wa rehani hakuwa sawa na mtumwa aliyenunuliwa. Deni likilipwa, alitakiwa kurudishwa kwa jamaa zake. Ndoa ya Kigogo ilikuwa na mahari ya ng'ombe na mbuzi, na jamaa za pande zote mbili walihusika, kwa hiyo binti hakuwa mtu asiye na wa kumdai. Wajomba wamekwenda wapi katika kitabu hiki? Wametoweka ukurasa uleule deni linapotajwa, kwa sababu wangebaki, bwana yule asingefanya alichofanya bila kujibu.

Mtindo huu wenyewe una chanzo kinachojulikana. Mwaka 1972 huko Marekani Kathleen Woodiwiss alitoa The Flame and the Flower, riwaya ya mapenzi ya kihistoria ambayo shujaa anambaka msichana mwanzoni kwa kudhani ni kahaba, kisha kisa kizima kinawapeleka kwenye ndoa yenye furaha. Iliuzwa sana, ikaigwa sana, na baadaye waandishi wengi wa fani hiyohiyo wakaukimbia mfano huo kwa sababu wasomaji wao, wanawake kwa wingi, walichoka kuambiwa kwamba ndivyo wanavyopenda. Leo unaletwa Ugogo ukiwa umevishwa kaniki, tunaambiwa ni mila yetu. Si mila yetu.

Marekebisho hayakuwa magumu. Mjomba alete mbuzi na ng'ombe wa mwisho waliosalimika na njaa, deni liishe, lango liwe wazi, binti awe huru kuondoka. Kisha achague. Sehemu ya pili, ambayo imeandikwa vizuri kweli, ingekuwa ndiyo ya kwanza, na hakuna neno moja la mahaba ambalo lingepotea.

Haya mambo ya kuandika mahaba hadharani si yetu, tumeiga kwa Wazungu. Mzee, Bahi.

Shikamoo mzee. Karibu mwaka 1858, kisiwani Pate, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi ambao ndani yake anamwelekeza kumpapasa mume, kumpepea, kujipamba na kujitia manukato. Mafunzo ya unyago nayo hayakungoja mtu kutoka ng'ambo. Kilichobadilika ni kwamba yaliyosemwa ndani kwa waliofikia umri sasa yamechapwa, na yeyote anaweza kuyafungua. Hoja yako ya faragha ina nguvu. Hoja ya asili haina.

Binti yangu wa kidato cha pili nimemkuta nacho. Nimekichana. Mama, Nkuhungu.

Kitabu hiki si cha umri wake, na mchapishaji amekosea sana kutoweka onyo kwenye jalada. Ila kukichana kumemwambia tu akifiche kingine vizuri zaidi. Kaa naye, au mtume shangazi ambaye anamsikiliza, mwulizeni ameelewa nini kuhusu ile sehemu ya kwanza. Akijibu kwamba yule bwana alimpenda tangu mwanzo, hapo ndipo kazi yako ilipo. Mwelezeni wazi kwamba aliyelazimishwa hakukosea na kwamba anayelazimisha hapendi. Halafu mtafutieni kitabu kingine. Msichana anayesoma bila kusukumwa asiachwe mikono mitupu.

Naandika riwaya yangu, lakini kurasa za chumbani zinanishinda. Zinatoka kama hospitali au kama taarabu. Singida.

Swali zuri. Kabla ya kuandika chochote, jibu kwa sentensi moja: baada ya usiku huu nini kitakuwa kimebadilika kati yao? Siri imetoka, deni limesamehewa, mmoja ameanza kuogopa kumpoteza mwenzake. Kama hakuna, ruka usiku huo uende asubuhi.

Usiiweke mapema. Msomaji hana joto kwa watu asiowajua. Mpe kwanza kila mmoja anataka nini na atapoteza nini. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Kuanzia ya nne utaanza kurudia maneno.

Chora mahali kwenye karatasi: mlango, kitanda, taa, nani amelala upande wa pili wa ukuta. Hesabu mikono. Miswada mingi ina mwanamume aliyeshika uso wa mpenzi wake kwa mikono miwili huku mkono mwingine ukiwa kiunoni. Nguo nazo zitoke kwa mpangilio, na zikitoka zisirudi mwilini aya mbili mbele.

Maneno ya kliniki na ya vijiweni yote mawili yanaua, na kuyachanganya ndiyo mbaya kuliko yote. Chagua kiwango kimoja cha tafsida ukishike hadi mwisho. Futa dhoruba, volkano na radi zote. Weka badala yake kitu kinachogusika: ubaridi wa sakafu, jasho nyuma ya sikio, pumzi inayozuiwa mtoto anapogeuka chumba cha pili. Wote wawili wawe na vitenzi. Wazungumze pia, hata maneno matatu. Ridhaa inaandikika kwa swali moja na jibu moja, na haipunguzi joto hata kidogo. Kata kabla ya kilele, kisha usikose asubuhi yake, maana humo ndimo wahusika wanapoonekana.

Mawili ya tahadhari ambayo hukuuliza. Kila mhusika wa sehemu hizo awe mtu mzima. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kusema "zamani waliolewa mapema" si ruhusa ya kumwandika kitandani. Na kama utaweka sura mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia. Mwulize mwanasheria kabla, usisubiri wito.

Mimi napenda riwaya za makabaila wa Uingereza. Angalau wale wanajua historia yao. Area C.

Baadhi, si wote. Enzi ya Regency ni 1811 hadi 1820, Mfalme George III akiwa mgonjwa na mwanawe akitawala kwa niaba yake. Ukikuta mtu anamwita Duke "my lord" badala ya "Your Grace", mwandishi hakusoma. Ukikuta arusi ya kanisani jioni bila kibali maalumu, vilevile: hadi 1886 ndoa zilifungwa kabla ya adhuhuri. Wanaotorokea Gretna Green, Uskoti, wana sababu ya kweli: sheria ya ndoa ya 1753 ya Uingereza, ambayo haikuhusu Uskoti, ilidai ridhaa ya mzazi kwa walio chini ya miaka 21. Wapime kwa kipimo hichohicho tunachompimia wa kwetu.

Tukiacha misafara, ni kipindi gani cha huku kinafaa riwaya ya mapenzi? Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM).

Kuna vinne vilivyokaa wazi. Ujenzi wa reli ya kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma 1910, umejaa watu waliotupwa pamoja kutoka mbali. Kondoa Irangi, Mei 1916, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipopambana. Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920 iliyofuata nafaka na mifugo kuchukuliwa kwa ajili ya vita na mvua kukosa. Na Kongwa ya mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, yenye matrekta, mishahara na wageni.

Ningechagua Kongwa, kwa kuwa bado unaweza kupata wazee waliokua wakisikia habari zake kwa wazazi wao. Nenda na daftari, uliza walivaa nini, walilala wapi, mshahara ulinunua nini, barua ilipelekwa na nani. Mambo ya mapenzi usiyaulize siku ya kwanza.